Salamu za Pentekoste: mkono uliokunjuka

Bwana asifiwe, wapendwa. Heri ya Pentekoste kwenu nyote, mlio nyumbani na mlio safarini, na ninyi wa ughaibuni mtakaokwenda ibadani na makoti. Huku kwetu masika yamelegea. Maharage yameanza kuanikwa uani, na kuku wangu wameshaijua saa ninayoingia ndani kuchukua chai.

Nawaandikia mapema, kabla simu zenu hazijajaa picha za njiwa na ndimi za moto. Mwaka huu nimekuwa naisoma Pentekoste kutokea upande wa nyuma, kabla haijawa yetu. Wale waliojaa Yerusalemu siku ile walikuwa wamekuja kwa Sikukuu ya Majuma. Unahesabu majuma 7 tangu mganda wa kwanza wa mavuno, na siku ya 50 inaletwa ngano mpya, mikate miwili iliyotiwa chachu. Sasa, ukiuliza kila mtu aje na kiasi gani chake mwenyewe, Kumbukumbu la Torati 16:10 haikupi hesabu. Inasema "sadaka ya hiari ya mkono wako", kadiri Bwana alivyokubariki. Basi. Mbele ya taifa zima, kiwango kimeachiwa mkono.

Neno la Kiebrania hapo ni nedava. Tunalitafsiri hiari, na hiari ni neno jema, ila lina kaubaridi ka ofisini. Ndilo tunaloandika kwenye hati ya kuuza shamba, "kwa hiari yangu na nikiwa na akili timamu". Lakini fungua Zaburi 54:6 katika Biblia ya Muungano uone neno lile lile la Kiebrania limeandikwaje: ukunjufu wa moyo. Nililisoma nikacheka peke yangu. Maana kukunja tunakujua. Tunakunja uso ombaomba akisogea dirishani, tunakunja noti mara nne ili jirani wa kwenye benchi asione ni ya rangi gani. Ukunjufu ni kuyaachia yote hayo, kama mkeka uliokaa darini mwaka mzima, ukiukunjua unapasua vumbi kidogo kisha unalala.

Na Hosea 14:4 ndiyo iliyonikalisha chini. Pale si mtu anayetoa. Ni Mungu mwenyewe, akiwazungumzia watu waliokwisha kumpa kisogo: nitawapenda kwa ukunjufu wa moyo. Nedava ile ile. Hata mvua ya Zaburi 68:9, ambayo sisi tunaisoma "mvua ya neema", kwa Kiebrania ni mvua ya nedava. Sisi wa masika tunalielewa hilo bila mahubiri. Nani amewahi kuilipia?

Twende jangwani sasa, Kutoka 25. Musa anaambiwa apokee vitu vya kujengea hema la ibada kwa kila mtu ambaye moyo wake unampa kupenda. Ikifika sura ya 35, wanaume kwa wanawake wanakuja na vipini, hazama, pete na vikuku vya dhahabu. Wenye nyuzi wanaleta nyuzi, wanawake wenye ujuzi wanasokota singa za mbuzi. Ukisoma haraka unaweza usikumbuke kwamba sura chache nyuma Haruni aliwaambia watu hao hao wazivunje pete za masikioni, na ikatoka sanamu ya ndama. Masikio ni yale yale! Mimi hapo naona huruma kubwa: hakuna aliyeambiwa dhahabu yako imeshachafuka, kaa pembeni.

Halafu sura ya 36. Mafundi wanaacha kazi, wanamwendea Musa kumshtakia kwamba watu wanaleta kuliko inavyohitajika. Mbiu inapigwa kambini, asilete mtu tena. Watu wakazuiwa. Nimekaa kwenye kamati za ujenzi wa kanisa mara tatu katika maisha yangu, na sijawahi kumwona mweka hazina akisimama na kusema inatosha, rudini na vitu vyenu. Angesema hivyo tungempeleka akapimwe malaria.

Msiniweke hata hivyo kwenye kundi la wanaosema "Mungu anaangalia moyo" kila ankara ya umeme ya kanisa inapofika. Hema lile lile lilikuwa na mchango wa lazima: nusu shekeli kwa kila mwanamume aliyehesabiwa, tajiri asizidishe, maskini asipunguze. Walihesabiwa watu 603,550. Fedha, kwa vipimo vya uzito vya siku zile, ikawa talanta 100 na shekeli 1,775, na talanta zile 100 zikasubiwa vitako 100, yaani vile vya chini kabisa vinavyoshika mbao na nguzo za pazia. Mtaona wenyewe fundi alivyopanga. Cha lazima kiko chini, kimebeba uzito, hakionekani sana. Mapazia ya rangi, mafuta ya taa, manukato, hayo yametoka kwa waliopenda.

Tatizo letu ni pale tunapokivalisha cha lazima nguo za hiari. Niungame. Miaka kadhaa iliyopita, katika usharika mmoja nilikokuwa nasali, bahasha za ahadi zilisomwa mbele ya watu, jina na kiasi, na baada ya kila jina makofi, makofi yenyewe yakipanda na kushuka kwa kufuata tarakimu. Jina langu lilipokaribia niliongeza noti ya elfu kumi ambayo ilikuwa ya gesi. Nilipigiwa makofi ya wastani. Wiki nzima tukapikia mkaa, nami nikawa mkali kwa kila mtu, hata kwa paka. Kumbukumbu la Torati 15:10 inasema moyo wako usisikitike utakapompa ndugu yako. Wangu ulisikitika kwa juma zima, na huyo ndugu wala sikumfikiria. Na nabii Amosi anawakejeli watu wa Betheli na Gilgali waziwazi: tangazeni sadaka zenu za hiari, zieneze habari zake, maana ndivyo mpendavyo! Kumbe makofi ni ya zamani.

Sasa niwape kisa cha mnada wa mavuno wa mwaka jana. Ibada imekwisha, mezani kuna mikungu ya ndizi, mahindi, mayai kwenye trei, na mtoto wa miaka kama minane amesimama na kuku amemkumbatia. Alimlea mwenyewe. Mzee mnadi akamnyanyua kuku, akaona kidole cha mguu wa kushoto kimepinda kama ndoano, akatania, "Huyu anatembea kwa kona!" Watu wakacheka. Mtoto akatazama viatu vyake.

Nilitamani nisimame nisome Walawi 22:23. Sheria ile imekaza sana kuhusu kilema: mnyama kipofu hapana, aliyevunjika hapana. Lakini ng'ombe au kondoo mwenye kiungo kirefu mno au kifupi mno, kwa nadhiri hakubaliwi, kwa sadaka ya hiari anakubaliwa. Nadhiri ni deni, na deni lilipwe kamili. Hiari ina nafasi hata kwa aliyepinda kidogo, almradi ametoka kwa aliyependa. Sikusimama, aibu ilinishika. Nilipaza sauti tu, elfu nane. Mama mmoja akasema kumi, akamnunua, akamrudisha mezani. Akanadiwa tena, akanunuliwa, akarudi. Mara ya tatu nikampata mimi, na siwaambii kwa kiasi gani.

Torati ikishataja sadaka ya mkono, mstari unaofuata unataja walaji: mwanao na binti yako, watumishi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Nayo nyama ya sadaka ya hiari, kwa Walawi 7, inaliwa siku ile na kesho yake, ikibaki siku ya tatu ichomwe moto. Huwezi kuificha ukala peke yako taratibu. Mbuzi mzima kwa siku mbili lazima ukaite watu.

Kwa hiyo nawaita. Jumapili ya Pentekoste, baada ya ibada, kwangu kuna mbuzi na ndizi, na shemeji yenu ameshaloweka mchele wa vitumbua. Njooni na watoto, na yule jirani mpya wa chumba cha nyuma ambaye bado hatujalijua jina lake vizuri mwambieni aje. Msibebe kitu. Mkibeba, sitawazuia kama Musa.

Kuku wa kidole mtamkuta uani. Ameanza kutaga, hachinjwi.