Klabu za huduma zihamie kwenye fremu za maduka zilizofungwa

Mhariri,

Picha mnayoichapisha kila msimu wa misaada tunaijua sote. Watu wanane au tisa wenye fulana za rangi moja wameshika hundi kubwa ya kadibodi, na nyuma yao kuna vitanda vya wagonjwa au madawati. Sina ugomvi na vitanda wala madawati. Ninachokataa ni hii imani iliyojengeka kwamba mji mdogo ukianza kudorora, viwanda vikafungwa na vijana wakahama, kazi ya klabu za huduma ni kuchanga na kukabidhi. Nimekaa katika klabu ya aina hiyo miaka mingi, sehemu kubwa nikiwa mtunza hazina. Kwa niliyoyaona kwenye vitabu vya hesabu, fedha ndiyo mali ndogo kuliko zote ambazo klabu inazo.

Mali kubwa ni watu wanaoketi kwenye meza ya klabu. Wanne walioanzisha Rotary, moja ya klabu hizi za huduma, mjini Chicago, Marekani, tarehe 23 Februari 1905, walikuwa wakili, mhandisi wa migodi, muuza makaa ya mawe na fundi cherehani. Tangu siku za mwanzo wanachama walichaguliwa kwa kutazama fani zao, ili wasijazane wa kazi moja. Klabu nyingine za aina hiyo, Lions waliozaliwa 1917 na Kiwanis waliozaliwa 1915, nao wametokana na wafanyabiashara na wanataaluma wa mjini. Kwa hiyo leo, katika mji mdogo popote, meza hiyo ina mtu wa benki, mwanasheria, mhandisi, mhasibu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na pengine ofisa mstaafu wa ardhi. Ofisini watu hawa huwasiliana kwa barua zenye kumbukumbu namba, na jibu huchukua wiki tatu. Klabuni wanakaa kiti kwa kiti, kisha wanatumia saa nzima kupanga rangi ya fulana za matembezi ya hisani.

Sasa tutazame jengo moja lililofungwa kwenye barabara kuu ya mji wa namna hiyo. Kwa nje ni shata lenye kutu na mabango ya uchaguzi uliopita. Wapita njia husema hakuna wapangaji, biashara imekufa. Ukifungua jalada la jengo lenyewe unakuta habari nyingine. Hati bado ina jina la marehemu. Mirathi haijafunguliwa kwa sababu watoto hawasikilizani na wawili wako mbali. Benki haikopeshi kwa hati ya marehemu, kwa hiyo hakuna aliyetengeneza paa, na maji ya mvua yameingia kwenye nyaya za umeme upande wa nyuma. Mpangaji yupo: mshonaji anayetaka nusu ya mbele tu. Lakini jengo lina mlango mmoja na mita moja ya umeme, na ndugu anayeshika funguo anataka kodi ya mwaka mzima mkononi. Mshonaji anaondoka. Mwaka unaofuata duka la jirani nalo linafunga, maana wateja hawapendi kupita mbele ya shata tatu zilizofungwa ili kulifikia la nne.

Hakuna hundi ya kadibodi inayotibu hilo. Lakini karibu kila fundo katika jalada lile lina mtu wake pale klabuni. Mwanasheria anaweza kuwaita warithi na kuwaeleza, bila kuwatoza, hatua za kumpata msimamizi wa mirathi na kile wanachopoteza kila mwezi jengo likiwa tupu. Mhandisi anaweza kupanda darini na kusema kama ni paa zima au ni bati nne. Mtu wa benki, hata asipotoa mkopo, anaweza kusema wazi ni karatasi gani zinazokosekana. Mshonaji hajawahi kuambiwa hilo na mtu yeyote. Mhasibu akae naye jioni mbili wapange hesabu zake zisomeke. Gharama ya yote haya ni muda, na muda ndicho kitu ambacho klabu huapa kukitoa.

Kuna watakaosema hiyo ni biashara, si huduma. Hapo nawaelewa, na kama mtunza hazina naongeza tahadhari yangu. Fedha zilizochangwa na umma kwa ajili ya hisani si mtaji wa duka la mtu. Lions wana kanuni nzuri: fedha zinazotoka kwa umma hukaa akaunti yake na hurudi kwa umma, na gharama za kuendesha klabu hulipwa kutoka akaunti nyingine inayojazwa na wanachama wenyewe. Kanuni hiyo isiguswe. Lakini jalada la jengo lile halikuhitaji fedha za hisani hata kidogo, na hata pale fedha zinapohitajika kiasi chake ni kidogo mno kwa mifuko mikubwa. Rotary inayahesabu maendeleo ya uchumi wa jamii kuwa moja ya maeneo yake saba ya kazi, jambo jema. Ila ruzuku ya kimataifa ya mfuko wake haiangalii mradi wenye bajeti iliyo chini ya dola 30,000. Kutenganisha mita ya umeme hakufiki huko. Ndiyo maana miradi mikubwa hupatiwa wafadhili na mita inabaki moja.

Tatizo ninaloliona zito zaidi ni kalenda. Rais wa klabu hukaa mwaka mmoja. Mwaka wa Rotary huanza Julai mosi, na kila Julai huja na mradi mpya, kauli mpya na bango jipya, kwa sababu hakuna rais anayetaka kukumbukwa kwa kumalizia kazi ya mwenzake. Kwa kisima au kambi ya macho utaratibu huo hauna madhara makubwa. Kwa mtaa wa biashara unaua. Mirathi peke yake inaweza kumaliza mwaka, na mpangaji akishaingia ndipo kazi huanza. Mwaka 1977 shirika la kuhifadhi majengo ya kihistoria la Marekani, National Trust for Historic Preservation, lilipotaka kufufua barabara kuu za miji midogo lilichagua mitatu ya kujaribia: Galesburg, Madison na Hot Springs. Halikupeleka saruji kwanza. Kila mji uliwekewa meneja ambaye kazi yake ilikuwa barabara ile tu: kumjua kila mwenye jengo, kila mpangaji na kila tundu la paa. Kutokana na majaribio hayo programu ya Main Street, yaani Barabara Kuu, ilianzishwa rasmi 1980 na bado ipo. Klabu tatu za mji mmoja zikiunganisha michango ya wanachama wao zinaweza kumlipa mtu mmoja wa namna hiyo, na kamati inayomsimamia ikawekwa kwa miaka mitatu, marais waje na waende. Najua itakuwa vigumu. Klabu zenyewe kwa zenyewe huoneana wivu kuliko vyama vya siasa.

Jambo jingine halisemwi hadharani. Wajumbe hawa hawa ndio mara nyingi wenye viwanja na majengo katikati ya mji, au ndio mawakala wao. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Klabu ikianza kuamua mtaa upi usafishwe kwanza na taa ziwekwe wapi, haitachukua muda kabla taa hazijamulika mbele ya duka la mjumbe. Historia yenyewe inatuonya. Rotary ya mwanzo ilikuwa na shabaha ya wazi ya wanachama kupeana biashara. Mwaka 1906 mwanasheria mmoja, Donald Carter, alialikwa kujiunga akakataa, akisema chama kisichofanya lolote kwa mji nje ya wanachama wake hakina maisha marefu. Wakabadili katiba wakaongeza lengo la kuutumikia mji, naye akaingia. Kiwanis nao walianzia Detroit kwa shabaha hiyohiyo ya kupeana biashara kabla ya kugeukia huduma. Maana yake ni kwamba kishawishi hiki kilikuwapo tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo kila mjumbe anayeshiriki kazi ya kufufua mtaa aandike mali anazomiliki pale, orodha ibandikwe mahali inaposomeka, na atoke nje jambo lake linapojadiliwa. Asiyetaka kuandika aendelee kuchangia madawati.

Turudi Chicago: mradi wa kwanza wa Rotary kwa umma, 1907, ulikuwa kupigania choo cha umma katikati ya jiji. Waliopinga ni watu wa bia na maduka makubwa. Baa zilikuwa na vyoo kwa wanaume, maduka yalikuwa navyo kwa wanawake, na mtu akiingia kujisaidia hutarajiwa anunue kitu. Napenda kisa hiki kuliko hotuba zote za waasisi, kwa sababu kinaonyesha klabu ya wafanyabiashara ikigombana na wafanyabiashara wakubwa kuliko wao, na kwa jambo ambalo lina uchumi ndani yake. Mama mwenye mtoto mdogo hakai mjini kwa muda wa saa nne kama hakuna choo. Ananunua kimoja, anarudi nyumbani.

Na akina mama wenyewe? Miji mingi midogo ina soko linaloendeshwa na wanawake, na klabu za mji huo zimejaa wanaume wenye ofisi. Milango ya klabu hizi ilifunguliwa kwao juzijuzi tu: Rotary iliifukuza klabu ya Duarte, California, kwa kupokea wanawake, na shauri likafika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo Mei 1987 iliamua kwamba klabu hazina haki ya kuwazuia. Lions na Kiwanis walifungua mwaka huohuo. Sheria ilibadilika, ila saa ya kikao haikubadilika. Kikao cha chakula cha mchana hotelini, chenye ada ya kila robo mwaka, mfanyabiashara wa sokoni hawezi kukihudhuria, maana mchana ndipo anapouza. Matokeo yake mtaa unajadiliwa na watu wanaoupita kwa gari. Kikao kimoja kwa mwezi kifanyike sokoni baada ya kufunga, bila chakula, na mwenye meza ya nyanya apewe nafasi ya kuzungumza kabla ya meneja wa benki.

Kwenu wahariri nina ombi moja. Klabu ikiwaalika kwenye makabidhiano, mpelekeni mpiga picha kama kawaida, lakini mwandishi amwulize rais maswali mawili: ni majengo mangapi ya barabara kuu yamefungwa leo, na ni lipi kati ya hayo ambalo klabu yake imelifungulia jalada. Yachapisheni majibu chini ya picha, kwa ukubwa uleule wa herufi za kwenye hundi.

Mtunza hazina mstaafu wa klabu ya huduma