Barua kwa mwanangu aliye Kilindini

Voi, Jumapili

Mwanangu,

Sisi huku hatujambo, isipokuwa goti la mama yako. Juzi kwenye simu nilikusikia ukikohoa. Nilipouliza ukasema ni vumbi la makontena, mara ukageuza mazungumzo yakawa ya mpira. Habari za mafua yanayozunguka huko bandarini tunazo, na wewe Ijumaa unataka kupanda treni. Nasema hivi: kama una homa, usije. Mama yako atanuna, mwache anune.

Utasema, "Mzee ameanza na historia yake." Sema. Ila mwaka 1918 yale mafua makubwa yaliingia kwa mlango huohuo unaokupa mshahara. Mwezi wa Septemba yalifika Mombasa na meli zilizotoka Bombay, yakapanda reli, yakapita hapa Voi, yakaenda zake Nairobi. Wapagazi waliokokotwa kubeba mizigo ya vita vya Mwingereza na Mjerumani, wale waliosalia, walirudi makwao wamebaki mifupa, na ugonjwa ukarudi nao vijijini. Mvua ilikuwa imekataa, ghala tupu. Madaktari wa serikali wa kuhesabika, na hata hao hawakujua wanapigana na nini. Virusi vya mafua ya binadamu vilikuja kutambuliwa mwaka 1933. Wanakadiria watu 150,000 walikufa katika nchi hii. Wanakadiria tu, kwa sababu mkoloni alijua kuhesabu vichwa vya kodi, si maiti za watu wetu.

Na ugonjwa ule haukutaka vikongwe kama mimi peke yao. Uliwafagia wa miaka 20 hadi 40, watu wa umri wako, wenye vifua vipana. Hapo ndipo usingizi unaponipaa.

Tazama Samoa, kule Pasifiki. Tarehe 7 Novemba 1918 meli Talune ilitia nanga Apia ikitoka Auckland na wagonjwa ndani. Watawala, watu wa New Zealand, wakaruhusu abiria washuke. Wakafa watu kama 8,500, zaidi ya mmoja katika kila watano. Upande wa pili wa visiwa hivyohivyo, uliokuwa chini ya Marekani, Gavana Poyer alifunga bandari, hata mashua za jirani akazirudisha. Hakufa mtu. Bahari moja, ukoo mmoja, tofauti ni nani aliyeteremka.

Kwa hiyo usiteremke hapa stesheni na homa yako. Hapa sokoni wakiniuliza habari zako huwa naongea mpaka wananikimbia, karani wa kwanza wa bandari katika ukoo huu! Lakini karani gani anashindwa kumwomba msimamizi ruhusa ya kuugua? Hospitali huiogopi, unamwogopa mtu mwenye kalamu. Nenda upimwe, unywe maji, ulale. Na usimtume dada yako akuletee chakula.

Ng'ombe amezaa, ndama jike. Fundi amepandisha mabati ya jikoni, sasa anadai misumari haikutosha, mimi nadhani amekwenda nayo. Nitumie elfu mbili kwa M-Pesa kabla ya Jumatano, upande wa kuni bado unavuja. Ukituma, piga simu pia, nisikie hicho kifua.

Baba yako