Vyama vya kutetea walaji vipewe ruzuku ya utafiti

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe hoja kwa Wizara ya Viwanda na Biashara na kwa waheshimiwa wabunge wa Mtwara na Lindi, kwamba Serikali itenge ruzuku kwa vyama vya kutetea walaji visivyoendeshwa kwa faida, na sehemu kubwa ya ruzuku hiyo iwe ya utafiti.

Nachukua mfano wa salfa ya unga, kwa kuwa huku Newala hakuna pembejeo inayozungumzwa zaidi. Mkulima huipulizia mikorosho inapochanua ili kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia maua. Ikiwa iliyomo mfukoni imechanganywa na kitu kingine, hawezi kuijua kwa macho. Anakuja kugundua maua yakishakuwa meupe kama yaliyomwagiwa majivu na kuanza kukauka, na hapo msimu umeshampita. Akirudi dukani anaambiwa alichelewa kupulizia, au alipulizia vibaya. Hana stakabadhi, hana sampuli iliyochukuliwa kwa utaratibu, hana cheti cha maabara, na malalamiko yake, hata yakiwa ya kweli tupu, yanaishia pale pale kaunta.

Sisemi kwamba hakuna vyombo vya umma. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 iliweka Tume ya Ushindani pamoja na Baraza la Taifa la Utetezi wa Mlaji, EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) na LATRA (mdhibiti wa usafiri wa ardhini) zina mabaraza ya watumiaji wa huduma, na TBS (Shirika la Viwango) na Wakala wa Vipimo wana kazi zao. Hata hivyo mlalamikaji anapofika mbele ya chombo chochote hutakiwa aje na ushahidi, na ushahidi ni gharama asiyoiweza mtu mmoja mwenye ekari chache. Chama huru chenye fedha kingeweza kununua mifuko madukani Tandahimba, Masasi, Ruangwa na Nachingwea kama mnunuzi mwingine yeyote, kikaipeleka maabara, kisha kikatangaza matokeo kwa jina la kila bidhaa kabla mikorosho haijachanua.

Wapo watakaosema kwamba chama kinacholipwa na Serikali hakitathubutu kuikosoa. Hofu hiyo ni ya haki, na dawa yake ni namna fedha zinavyotolewa. Ujerumani ilianzisha taasisi ya Stiftung Warentest mwaka 1964 kwa fedha za umma. Taasisi hiyo hununua bidhaa madukani bila kujitambulisha, huzipima, huchapisha matokeo, na haipokei matangazo ya biashara katika majarida yake. India nayo ina Mfuko wa Ustawi wa Walaji tangu mwaka 1992, ambao huingiziwa kodi zilizotozwa kimakosa na zisizoweza kurejeshwa kwa wanunuzi. Kwetu, sehemu ya faini wanazotozwa wafanyabiashara wa bidhaa bandia ingefaa kuwa chanzo cha kwanza. Ruzuku ishindaniwe kwa maandiko ya utafiti, igawiwe na kamati isiyo chini ya wizara, na kila ripoti itangazwe hata inapoigusa taasisi ya Serikali.

Nasisitiza pia kwamba fedha hizo zisiishie Dar es Salaam. Nawaomba wabunge wetu walifikishe jambo hili kwenye Kamati ya Bajeti kabla ya kikao cha Aprili, wakitaka fungu la mikoa litajwe waziwazi.

Mkulima wa korosho,
Newala, Mtwara