Kuuliza kamusi ya kompyuta kusigeuke kuandika

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe walimu wenzangu wa Python, lugha ya kuandikia programu, jambo tunaloliruka darasani. Tukifika kwenye kamusi, ule muundo unaohifadhi kila thamani chini ya ufunguo wake, tunawapa wanafunzi defaultdict, kamusi inayojitengenezea thamani ya kuanzia ufunguo usipokuwepo, ili wasisumbuliwe na KeyError, kosa la kukosekana kwa ufunguo, kisha tunaendelea na mada nyingine. Hatuwaambii kwamba kwenye kamusi hiyo, kuuliza tu ni kuandika.

Chukua programu ya stoo ya duka iliyoanza na stoo = defaultdict(int). Ndani mna sukari 40 na unga 25. Muuzaji anakosea herufi, programu inasoma stoo["mchle"]. Jibu ni 0, na papo hapo "mchle" imeshaingia stoo: len(stoo), yaani idadi ya funguo, ilikuwa 2, sasa ni 3. Jioni ripoti inatoka na bidhaa ambayo duka halijawahi kuiuza. Kamusi ya kawaida ingegoma palepale. Usomaji huo ukifanyika ndani ya kitanzi kinachopitia kamusi hiyohiyo, programu inakatika ikidai ukubwa wa kamusi umebadilika, na mwanafunzi anakesha akitafuta mstari ulioandika kitu. Haupo.

Waliobuni defaultdict, iliyoingia na Python 2.5 mwaka 2006, hawakukurupuka. Ukikusanya orodha, kwa mfano mauzo["unga"].append(5), orodha mpya lazima ibaki ndani ya kamusi, la sivyo ile 5 inapotea. Pia walidai kamusi ipewe kitengenezaji cha thamani ya kuanzia (int hutoa 0, list hutoa orodha tupu), si kitu chenyewe: defaultdict(list) inakubalika, defaultdict([]) inakataliwa. Katika lugha ya Ruby, kamusi ya Hash.new([]) inapita, na funguo zote zisizokuwepo zinagawana orodha moja. Ukitia kitu kwa << chini ya ufunguo mmoja, unakikuta kwenye mwingine, ilhali kamusi yenyewe ukiichapisha ni tupu! Uangalifu huo wa Python nausifu kwa moyo wote.

Lakini kwenye hesabu, sababu ya orodha haipo, maana stoo["unga"] += 1 inaandika yenyewe. Ndiyo maana Counter, kamusi ya kuhesabia iliyokuja na Python 2.7, hujibu 0 bila kuongeza ufunguo. Lugha ya Go nayo hurudisha sifuri bila kuhifadhi chochote, na ukitaka inakupa jibu la pili la kama ufunguo upo au haupo. Kwangu huo ndio mpango bora, kwa sababu stoo iliyoishiwa mchele si sawa na stoo isiyoujua mchele.

Basi tuwafundishe hivi: kwa kuhesabu, Counter. Kwa kukusanya orodha, defaultdict(list). Kwa kuangalia tu, neno in au stoo.get("mchele", 0). Ile 0 isisahauliwe, kwani get haikiiti kitengenezaji. Bila hiyo, ufunguo usipokuwepo jibu ni None, yaani hakuna kitu. Na kujaza kukishakwisha, mstari mmoja unafunga mlango: stoo.default_factory = None. Tangu hapo kosa la herufi linatoa KeyError kama kawaida.

Dakika kumi zinatosha: mwanafunzi achapishe len(stoo) kabla ya kusoma ufunguo usiokuwepo, na baada yake.

Mwalimu wa programu,
Morogoro