Wazazi hatuji vikaoni? Tuulizeni kwa nini

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka mingi na sijawahi kukuandikia. Lakini ile habari ya walimu kulalamika kwamba wazazi hatuhudhurii vikao vya shule imenichoma, hasa pale waliposema eti "tumewatelekezea watoto".

Mimi ni mama lishe, nalea mjukuu. Mwezi uliopita nililetewa kikaratasi: nifike shuleni saa mbili kamili asubuhi, bila kukosa. Nikamwachia jirani sufuria ya maharage, nikafika kabla ya kengele. Nikakalishwa benchi nje ya ofisi mpaka saa tano na robo. Mwalimu wa darasa alinipita mara nne, mara ya tatu ana soda mkononi. Aliponiita, shikamoo sikuisikia, na mimi ni sawa na mama yake. Kiti sikupewa. Akaanzia palepale mlangoni, watoto wamepanga mstari na madaftari yao: "We mama, huyu mtoto wako mzito kweli, kwani huko nyumbani mnamlisha nini?" Mimi ninayelisha nusu ya stendi! Watoto wakacheka, na mjukuu wangu alikuwa kwenye mstari huohuo, ameinamisha kichwa. Na nilichoitiwa? Shilingi elfu mbili za mitihani ya majaribio. Angenipigia simu ningemtumia dakika ileile, na maharage yangu yasingeungua.

Tunaambiwa elimu bila malipo ipo tangu 2016. Basi ingia kwenye kundi letu la WhatsApp uone majina ya "wadaiwa" yanavyobandikwa saa nne usiku, na anayeuliza risiti anavyotolewa. Tuisheni ya jioni nayo ni elfu moja kwa siku, na anayeifundisha ni yuleyule ambaye asubuhi anasema mtoto haelewi. Jioni anaelewa.

Najua walimu wana mzigo. Darasa la mjukuu wangu wanakaa wanne kwenye dawati moja. Lakini dawati halimzuii mtu kusema karibu. Tume ya Utumishi wa Walimu ina ofisi mpaka wilayani na kanuni za maadili inazo. Naiomba iongeze kipengele kimoja tu: mwalimu akimweka mzazi benchi zaidi ya nusu saa, amnunulie chai ya maziwa na chapati mbili. Chapati nitauza mimi, na risiti nitatoa.

Mama lishe wa stendi,
Morogoro