Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Masuala ya fedha mtayasikia kwa mweka hazina, ambaye amejiandaa vizuri kuliko mimi. Mimi nitazungumzia mbwa waoga tunaowatunza mabandani mwetu hadi wapate familia, maana ndio waliotushughulisha zaidi mwaka huu.

Kamati ilibadili utaratibu mmoja. Zamani mwanachama mpya aliingia bandani, akamwinamia mbwa na kumnyooshea mkono kichwani. Kwa mbwa mwoga hicho ni kitisho. Siku hizi tunaketi sakafuni, tunamgeuzia mbwa ubavu wetu bila kumkodolea macho, na tunarusha vipande vya nyama nyuma yake, si mbele. Wapo waliolalamika kwamba huko ni kumfukuza. Sivyo. Nyama ikiwa karibu na mtu, njaa humvuta mbwa kabla hofu haijamtoka; akishameza hushtuka kujikuta karibu mno, na hapo ndipo watu hung'atwa. Ikiangukia nyuma yake, anapata nyama na nafasi kwa pamoja. Akirudi, karudi kwa hiari yake.

Wengi mnamkumbuka Kijivu. Aliletwa akiwa mkubwa, na kwa dalili zote hakuzoeshwa watu katika umri unaofaa, yaani kati ya wiki 3 na 14 hivi. Alijibana pembeni, kafyata mkia, uso kaugeuzia ukutani, na hakugusa chakula mpaka mtu atoke. Wenzetu wa zamu ya jioni walikaa naye wakisoma magazeti kwa sauti ya chini, basi. Hatimaye alinyoosha shingo akanusa kiatu, huku miguu ya nyuma ikiwa tayari kukimbia. Mwenye kiatu hakusogeza hata kidole. Utulivu wa namna hiyo ndio mgumu kuliko yote, na sidhani kama semina inaweza kuufundisha.

Baadaye tulianza kumkuna kifuani kwa sekunde chache, kisha tunaacha tuone kama atasogea kuomba tena. Sasa ana familia. Mlango ukigongwa bado hukimbilia chini ya kitanda, na familia iliambiwa hivyo kabla ya kumchukua. Tusimpambe mbwa kwa sifa asizonazo ili aondoke haraka; atarudishwa, tena akiwa na hofu zaidi.

Narudia ombi la mwaka jana: mbwa akinguruma asikaripiwe. Ukimnyamazisha, hofu inabaki palepale. Kinachoondoka ni onyo.

Kuhusu matembezi, mbwa aliyeshtuka hurudi kinyumenyume na kuchomoa kichwa kwenye mkanda wa shingoni. Kuanzia sasa hakuna mbwa mwoga atakayevuka geti bila kamba mbili, moja shingoni na nyingine kwenye mkanda wa kifuani. Najua ni usumbufu.

Malalamiko yangu ni moja. Mwisho wa wiki tunajazana hadi tunapigana vikumbo, katikati ya wiki mabanda yanabaki na watu wa usafi tu. Mbwa hawa wanahitaji sura ileile mara kwa mara, kisha ya pili, kisha ya tatu. Anayeweza kuja nusu saa kila Jumatano anatufaa kuliko anayekuja kutwa nzima mara moja kwa miezi kadhaa.

Tunahitaji pia nyumba za malezi ya muda, kwa sababu wapo mbwa ambao kelele za mabanda haziwaachi watulie. Fomu zipo kwa katibu, na zamu za katikati ya wiki zitapangwa leo kabla hatujatawanyika.