Swali la kamera liwe la mwisho

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya ushauri kwa wenye biashara wanaotaka kutengenezewa video na nashukuru kwamba gazeti limeligusa hili jambo, maana wengi tunaumia kimya kimya, lakini ule ushauri wenyewe jamani mmh. Eti tafuta kampuni ndogo tatu, ziulize zinatumia kamera gani, linganisha bei, chukua ya chini yenye kamera nzuri. Mimi kazini ndo mtu ninayetumwa kuwatafuta hao watu wa video, nimefanya kazi na mafundi wa kweli na nimefanya na wababaishaji, na nawaambia swali la kamera ni la mwisho kabisa, yaani kama muda wa kikao umeisha hata usiliulize.

Kwanza tuelewane kampuni ndogo ya video ni kitu gani. Ukiona logo na tovuti nzuri unadhani kuna jengo, kumbe ni watu wawili watatu, mmoja anashuti, mmoja anaediti, mmoja anapokea simu na kuandika invoisi, na mara nyingi hao watatu ni mtu yule yule. Sisemi kwa dharau, tena hapo ndo uzuri wao ulipo, kwa sababu unaongea na mwenye kazi moja kwa moja, hakuna meneja wa kupeleka na kurudisha maneno. Ila maana yake ni kwamba unachonunua pale ni saa za watu fulani wanaojulikana kwa majina, na mtu huyo akiugua au akipata harusi mbili wikiendi hiyo, video yako inalala. Kwa hiyo maswali ni haya: nani atakuja kushuti, nani ataediti, na wiki ya kuediti ana kazi nyingine ngapi mezani?

Halafu ile showrili, yaani ile video fupi ya kujionyesha kazi zao. Kila kampuni inayo na zote zinapendeza, kwa sababu ni klipu za sekunde moja mbili zimebandikwa juu ya mziki wenye nguvu, hapo hata mtu anakatiza barabara ataonekana shujaa. Mimi huwa naomba video moja nzima waliyomfanyia mteja wa aina yangu, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, naiangalia kwenye simu nikiwa na hedifoni, afu nauliza hapa nani alishika kamera na nani aliediti. Utashangaa mara ngapi jibu ni kwamba yule jamaa aliitwa kwa kazi ile tu na sasa hayupo.

Sasa bei. Siku ya kushuti inaonekana kwa macho, watu wamekuja na mabegi, wamesimamisha laiti, wametoka jasho, basi mteja analipa bila kinyongo. Kuediti hakuonekani kwa hiyo watu wanadhani ni kubonyeza tu. Hebu piga hesabu: mmehoji watu kwa saa mbili kwa kamera mbili, hizo ni saa nne za picha, na mtu lazima azitazame kabla hajakata hata fremu moja, ndo aje kuchagua maneno, kupanga stori, kusafisha sauti, kusawazisha rangi, kuweka maandishi, kutafuta mziki, kutoa faili, na wewe unamwambia nataka kesho asubuhi. Ukiletewa kotesheni yenye mstari mmoja tu, "video, jumla kiasi fulani", irudishe. Wakugawie maandalizi ni kiasi gani, siku ya kushuti kiasi gani, kuediti kiasi gani, marekebisho mangapi yamo humo ndani. Wala si kwa ajili ya kubana bei, ni kwa ajili ya kuona kama wameifikiria kazi yako, maana ile ya bei ya chini kuliko zote ukiichungulia vizuri utakuta maandalizi hayamo kabisa. Watafika siku hiyo na kuuliza, haya, tunashuti nini?

Na maandalizi ndo kazi yenyewe. Watu wa filamu wana kipimo chao cha tangu zamani kwamba ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya picha, si sheria lakini kinasaidia, kwa hiyo ofisi inapoleta kurasa sita za historia ya kampuni, mwanzilishi, dira, dhamira na orodha ya huduma, afu inataka video ya sekunde tisini, mtu wa video aliye mzuri atakataa pale pale mezani. Ambaye si mzuri atasema sawa bosi. Mimi nampenda anayekataa.

Kamera ninaiweka mwisho si kwa sababu haina kazi, ni kwa sababu siku hizi hata kamera ya kawaida inatosha, ila asiyejua kuitumia ataharibu na ile ya gharama kubwa. Mfano ni laiti za ofisini. Pale umeme ulipo wa hezi 50 zile taa za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, penye hezi 60 ni mara 120, jicho halioni ila kamera inaona, na mpiga picha asiporekebisha shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha, kuendana na umeme wa mahali pale utapata mistari myeusi inapanda na kushuka juu ya uso wa mkurugenzi, na mistari ile haijali kamera ilinunuliwa kiasi gani. Vivyo hivyo na hii habari ya 4K, yaani picha yenye nukta nyingi, ambayo kila mtu anaiimba. Ni kweli 4K ya 3840 kwa 2160 ina nukta mara nne ya ile HD ya 1920 kwa 1080, lakini faida yake kubwa kwa mfanyabiashara wala si ung'avu, faida ni kwamba picha moja iliyolala unaweza kukata katikati yake ukapata video ya kusimama ya kwenye simu na bado ikawa safi. Ila umwambie mpiga picha KABLA, ili mtu awekwe katikati ya fremu, kwa sababu akishamuweka pembeni kwa ajili ya urembo, ukikata unabaki na sikio na ua la kwenye chungu.

Sauti sasa, hapa naomba nikae kidogo maana hata makala yenu haikuigusa. Picha ikiwa na giza kidogo watu watavumilia, sauti ikiwa ya ndani ya pipa hawavumilii, wanafunga. Kuna dada mmoja wa sauti alikuja ofisini kwetu na kile kikundi chake, kabla hajafungua begi akasimama katikati ya chumba kimya, anasikiliza tu, sisi tunatazamana. Akasema zimeni kiyoyozi. Tukazima. Akasikiliza tena, akasema kuna friji mahali. Friji ilikuwa chumba cha pili nyuma ya mlango! Akaenda kuichomoa, afu akaweka funguo za gari lake ndani ya ile friji, watu wakacheka, akasema hivi siwezi kuondoka nikasahau kuwasha friji yenu vyakula vikaoza. Kumbe ni ujanja wa siku nyingi wa watu wa sauti, mimi ndo nilikuwa nauona mara ya kwanza. Mahojiano yalipoisha akatuomba wote tukae kimya nusu dakika bila kutikisika, anarekodi ukimya wa chumba, eti mhariri wa video atahitaji kuujaza kwenye mishono ya maneno aliyokata. Kampuni ile kamera zao zilikuwa za kawaida sana, na video yao mpaka leo bosi anaitumia kwenye kila mkutano. Kwa hiyo ukitaka swali moja la kuwapima, uliza sauti mnarekodi kwa kutumia nini na nani anaisimamia, wakikwambia kamera ina maiki yake ndani, agana nao kwa heshima.

Tukija upande wetu wateja, na hapa wengine watanichukia, video nyingi zinafia ofisini kwetu wala si kwa watu wa video. Toleo la kwanza linakuja, linatupwa kwenye grupu la WhatsApp lenye watu kumi na tano, kila mmoja anatoa maoni, wa mauzo anataka namba ya simu iwe kubwa, wa utawala anauliza mbona yeye hayumo, mwingine anaandika "iongezwe mvuto" na hapo ndo basi. Mvuto gani? Mhariri afanye nini na sentensi hiyo? Maoni ya maana yanataja dakika na sekunde na kitu chenyewe, kwamba kwenye 0:42 ondoa sentensi ya pili, kwenye 1:10 jina limekosewa herufi. Na yanakusanywa na mtu mmoja, yanatumwa mara moja kwa maandishi, si saa nne usiku kwa sauti za WhatsApp vipande saba. Halafu wakati kila kitu kimeshapitishwa anaibuka bosi mkubwa ambaye hakuonyeshwa tangu mwanzo na kusema mimi nilidhani itakuwa na watoto wanacheka mwanzoni. Mwenye neno la mwisho aone skripti kabla kamera haijawashwa, asipopata muda wa kuisoma basi shuti isogezwe mbele, mimi hapo sina utani. Kwenye mkataba tunaandika marekebisho mawili, la tatu tunalipia, na tangu tuandike hivyo watu ofisini wameanza kusoma skripti.

Mafaili nayo yaandikwe. Watu wengi wakishapewa ile video moja iliyokamilika wanadhani wamepata kila kitu, mwaka unapita wanataka kubadili namba ya simu tu mle ndani, wanapiga simu wanaambiwa projekti, yaani lile faili la kuedítia, ilishafutwa. Na mtu wa video hakufanya kosa, maana kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula kama GB 45 kwa saa, kamera mbili kwa saa nne ni GB 360, sasa atunze za wateja wote mpaka lini na kwa diski ya nani? Nunueni diski yenu, mkabidhi siku ya kwanza, muombe footeji yote, yaani kila kilichorekodiwa kabla ya kukatwa, na faili la projekti, au mkubaliane atatunza miezi mingapi na mtamlipa nini kwa kutunza. Wengine hawapendi kutoa footeji ghafi, au wanatoza zaidi, ni haki yao, ila ijulikane mapema. Hakimiliki pia, msidhani kulipa peke yake kunawapa umiliki, sheria zinatofautiana nchi na nchi na sehemu nyingi haki inaanza kwa aliyetengeneza mpaka kuwe na maandishi. Mstari mmoja kwenye mkataba unasema nani anamiliki nini na mnaruhusiwa kuitumia wapi. Na wafanyakazi au wateja wenu wanaoonekana mle waweke sahihi ya ridhaa, kwa sababu mfanyakazi ataacha kazi na uso wake utabaki kwenye tangazo lenu.

Mziki, kwa kifupi, kutoa nyimbo yoyote unayoipenda kwenye redio ukaiweka kwenye tangazo ni kujitafutia balaa. YouTube wana mtambo wao wa kutambua nyimbo tangu 2007, unaweza kuamka ukakuta video imenyamazishwa au imefungiwa au mapato yanakwenda kwa mwenye wimbo. Hata zile za bure za leseni ya Creative Commons, ambapo mwenye wimbo anaruhusu watu kuutumia kwa masharti yake, soma vizuri, zenye alama ya NC (NonCommercial) hazitumiki kibiashara. Waambie wakupe na leseni ya mziki pamoja na video, kwa jina la kampuni yako.

Kuhusu malipo, sisi tunalipa sehemu kabla ya kushuti, sehemu likija toleo la kwanza, iliyobaki mafaili yakishafika na tumeyafungua sisi wenyewe kwenye simu, kwenye kompyuta na kwenye ile tv ya ukumbini. Tunayataka kwa linki au kwenye diski, au kama ni WhatsApp basi yaje kama dokumenti, maana ukiituma kama video ya kawaida inaminywa na rangi zote alizohangaikia mtu zinaisha. Na hiyo iliyobaki ilipwe jamani. Nawaongelea wahasibu, pamoja na wa kwetu. Kampuni ya watu watatu ukiikalia na hela yao miezi mitatu eti taratibu za ofisi, yule mhariri aliyeijua kazi yako anatafuta kazi kwingine, na mwakani ukirudi unapokelewa na jina lile lile la kampuni ila mtu ni mwingine na anaanza kukuuliza mnafanya biashara gani.

Mkiandika tena kuhusu jambo hili naomba mmtafute mhariri wa video na mtu wa sauti muwahoji wao, wauzaji wa kamera tumeshawasikia vya kutosha.

Ni mimi msomaji wenu wa kila siku.